Mukia wa Tangazo la Bure

Kwiiiii.

"Rudi nyuma kidogo, mama. Unaikumbatia sana. Megafoni haiko mutoto, usiibebe ku kifua."

Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikifumba macho: mlio mwembamba wa megafoni iliyosogezwa mno mdomoni, na nyuma yake Papa Stanis akinisahihisha bila hasira. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilisimama mbele ya depot, ghala la kuuzia unga, nimevaa sketi ya kuazima kwa jirani, na njiwa wote wa paa lile walikuwa wameruka. Wateja walicheka. Mimi pia nikacheka, kicheko changu kikaingia ndani ya megafoni, kikafika upande wa pili wa soko, na mama mmoja huko akakijibu kwa cha kwake. Nikajua palepale kwamba nimepata kazi ninayoipenda.

Sasa nimestaafu. Chekeni tu, hata nyumbani walicheka. Meno yangu yote yako mahali pake na sina mvi hata moja. Lakini daktari alinimulika kooni kwa kioo chake kidogo, akatikisa kichwa, akasema sauti yangu imeota vinundu na kazi ya kupaza sauti barabarani imekwisha. "Na kunong'ona je?" nikamuuliza. Akasema kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Basi ninaandika. Kalamu haichoshi koo.

Ninawaandikia nyinyi mabinti mnaosimama siku hizi kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, na tisheti zenu za rangi na maparasoli makubwa, mkitangaza laini za simu na mikopo ya simu. Nikipita ninawasikiliza. Mnatangaza vizuri. Mara nyingine ninasimama ng'ambo, ninajifanya ninangoja motokari, kumbe ninangoja tu mmalizie sentensi.

Papa Stanis alinipata kwa masikio. Nilikuwa nimetumwa unga, nikamwona rafiki yangu ng'ambo ya barabara, nikamwita. Mzee mmoja ndani ya kombi ya bluu akatoa kichwa dirishani.

"We mutoto, ule mwenzako iko hapa ama iko ku Likasi?"

"Iko pale tu, Papa."

"Sasa mbona Likasi kule mbali banakusikia?"

Akaniuliza jina langu, nikasema Mado, kisha kama ninajua kusoma. Nikamwambia Kiswahili vizuri, Kifaransa nusu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, tulipokosa njia ya kulipa karo. Mutihani wa serikali niliusikia kwenye radio tu, wakisoma majina ya wengine na asilimia zao, moja baada ya jingine, na mimi jikoni ninasonga bukari, ugali wetu, na kuota kwamba jina linalofuata ni langu. Nilikuwa mtu wa kuota sana. Bukari yangu iliungua mara nyingi kwa sababu hiyo.

Ujana wake wote Papa Stanis alikuwa sauti ya gare, stesheni ya treni. Yeye ndiye aliyekuwa akitangaza treni zinazopanda kwenda kaskazini, kwao na kwetu, na watu walikuwa wakisema treni haijaondoka mpaka Stanis aseme. Kisha treni zikapungua hata mtu akasahau siku yake, na Papa Stanis akanunua kombi, akaifunga kichwani bafle mbili, spika kubwa kama mabeseni ya kufulia, akaanza kutangazia watu wengine. Wateja wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wa Kivu wenye madepot. Unga umefika, chumvi imefika, samaki wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, wamefika ijapokuwa barabara imekufa. Tulitangaza na harusi, na chanjo, na watoto waliopotea. Mtoto aliyepotea ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, maana mara nyingi tulimpata kabla hatujamaliza avenue mbili, amekaa mahali fulani analamba sukari, wala hajui kwamba amepotea.

Alinifundisha vyombo kwanza. Megafoni ikae vidole viwili kutoka mdomoni. Upepo uwe mgongoni. Betri ikichoka, iweke juani juu ya bati, itakupa nusu saa ya huruma. Maji ya uvuguvugu na chumvi asubuhi, kinywaji cha munkoyo kisiwe cha baridi, na usicheke kabla ya kutangaza, kwa sababu kicheko kinakula sauti. Hilo la mwisho sikulitii hata siku moja. Labda vinundu vilianzia hapo.

Baada ya vyombo, akanifundisha maneno.

"Kila tangazo iko na kichwa, iko na tumbo, iko na mukia," alisema. "Kichwa ni kile bantu banataka. Tumbo ni wapi na siku gani. Mukia ni ile ingine."

"Ile gani, Papa?"

"Ile mwenye bintu ya kuuzisha anaombaka bantu basiisikie sana."

Unga umefika, hicho ni kichwa. Kwenye depot ya kona, tangu asubuhi, hilo ni tumbo. Mufuko mumoja tu kwa kila jamaa, huo ndio mukia. Yeye alinizuia kabisa kuukimbiza mukia.

"Ku gare tulikuwa tunasema treni inafika saa gani. Kiisha tunasema inachelewa. Sauti ileile, polepole ileile. Ukisema kufika kwa nguvu, na kuchelewa ukameza, bantu banalala ku quai ya gare na batoto."

Halafu ukaja mwaka ambao bei ya shaba ilianguka. Wale waliokuwa wadogo hawawezi kujua jinsi ilivyokwenda haraka. Wiki hii malori yamejaa, wiki ijayo yamesimama kwenye majani na madereva wanafua nguo juu ya tairi. Makampuni ya wageni yalifunga mageti, mengine hata taa hayakuzima. Matanuru yakazimwa. Sisi wa mji huu tulizoea kumeza moshi na kukohoa kila asubuhi, na ghafula hewa ikawa safi kabisa, na watu wakatoka nje wakaitazama hewa hiyo safi kwa hofu. Koo langu lilipona mwaka uleule mji ulipougua.

Baba yangu, Ngoy Célestin, alikuwa mtu wa tanuru. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Walitoka kaskazini, wakaja na misalaba yao na pasi zao za mkaa, wakafanya kazi, ndiyo historia yote. Baba alisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya primaire. Alipoachishwa kazi walimpa malipo yake ya mwisho na kumshika mkono. Kwa sehemu yake alijenga chumba kimoja zaidi kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Ruashi, kisha akakaa. Kila asubuhi alipaka buti zake rangi, akaziweka mlangoni, akakaa karibu nazo. Jioni akazirudisha ndani.

Ndipo ikafunguliwa Maison. Jina lake lote lilikuwa refu na la Kifaransa. Sisi tuliiita Maison tu. Ilikuwa nyumba ya akiba na mikopo, mjini, na vioo na viti vya bluu. Ilifunguliwa wakati wenzake wote wanafunga, na mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Sisi tulijiuliza tu kama watahitaji tangazo.

Walihitaji. Chef Trésor, kijana wa Golf, mtaa wa matajiri, mwenye harufu nzuri, alikuja mwenyewe mpaka kwenye kombi. Hakuwa mtu mbaya, niwaambie mapema. Alitununulia soda. Alicheka vichekesho vya Papa Stanis hata vile vya zamani. Akanipa tangazo langu kwenye karatasi, na nililipenda sana, mpaka leo ninalijua kwa moyo:

"Bure! Bure kabisa! Kuya ku Maison, ujue note yako! Weye ni muntu wa kuaminiwa? Mashini itakuambia! Hakuna kulipa kitu. Note ni ya bure!"

Note hiyo, yaani alama kama za shule, ilikuwa hivi. Unaleta kitambulisho, unasema ulifanya kazi wapi, unafungua akaunti na kuweka akiba yako humo. Mashini inafikiri. Kisha inatoa karatasi nzuri, ngumu, yenye muhuri, na juu yake asilimia: unaweza kuaminiwa na mkopo kwa kiasi gani. Kule ng'ambo, Chef Trésor alituambia, kila mtu ana note yake.

"Na mukia, Chef?" Papa Stanis akauliza.

"Mukia iko ndani ya kaseti, Papa. Sauti ya studio, français ya kweli. Mado anamaliza tumbo, weye unawasha moteur, kaseti inajisomea. Mukiwa munaenda."

"Moteur kwanza?"

"Moteur kwanza. Ju tusipoteze wakati."

Mliowahi kuona kombi ile mnajua. Moteur yake, ile injini, ilipiga kelele ya kinu cha kusaga. Mimi nikiwa ndani nilikuwa ninasikia meno yangu tu. Papa Stanis aliitazama kaseti ile kwa muda, akaigeuza upande wa pili kama mtu anayetafuta bei, akaiingiza. Mwaka ule hakuna aliyerudisha kazi.

Na watu walikuja, mama wee! Hamjaona watu wakienda kupokea note. Wanaume waliokuwa wamekaa mlangoni miezi na miezi walivaa makoti ya Krismasi. Mmoja alinyoa ndevu zilizoanza kukua siku tanuru lilipozimwa. Mkopo wengi wao hawakuutaka hata. Walitaka kuambiwa kitu kizuri na mtu mwenye muhuri.

Baba alinisikia kutoka mlangoni. Hakuniambia. Alivaa buti zake, akatia tai, akaenda mjini kwa mguu, na yaliyobaki ya malipo yake ya mwisho ndani ya soksi. Alasiri alirudi ameshika karatasi kwa mikono miwili, mbele yake, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi.

"Mado," akasema, "soma."

Nikasoma. "Ngoy Célestin. Makumi munane na ine."

"Kwa mia?"

"Kwa mia, Baba."

Mama aliingia ndani akatoka na kopo la poda ya watoto. Mnajua kwetu mtoto akipita mutihani wa serikali: radio ikisoma jina lake tu, jamaa wanammwagia poda nyeupe kichwani, na avenue nzima inatoka kuimba. Nyumbani kwetu poda hiyo ilikuwa haijamwagwa. Mimi niliacha, wadogo zangu walikuwa bado. Mama akaifungua yote, akaimwaga juu ya baba na tai yake.

"Amepita!" akapiga kelele. "Ngoy amepita!"

Majirani walitoka na unga. "Mwanafunzi!" "Sasa unaenda université, Baba Mado?" "Anaenda kusoma udaktari!" Mmoja alileta ngoma ya parokia. Baba alisimama amefumba macho, poda imejaa kwenye nyusi, na alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kesho yake alikwenda kwa seremala akatengenezewa kadri, fremu yenye kioo, na karatasi ikatundikwa ukutani. Asubuhi ile buti hazikupakwa rangi. Alilala mpaka jua likafika dirishani, na mama akatuzuia kumwamsha.

Basi tuliendelea. Karibu mwezi mzima, bure, bure kabisa. Mtaa kwa mtaa: Katuba, Kenya, Kamalondo, na kurudi Ruashi.

Kombi ndiyo iliyotusaliti, au tuseme ndiyo iliyotuokoa. Tulikuwa tumesimama karibu na soko la Ruashi. Nilimaliza tumbo langu, Papa Stanis akageuza ufunguo, na moteur ikasema kh, kh, ikanyamaza. Akageuza tena. Kimya. Lakini kaseti haina habari na moteur. Ilianza kujisomea, kwa mara ya kwanza bila kelele yoyote, kutoka kwenye bafle mbili, mbele ya umati uliosimama: sauti tamu ya mwanamume, Kifaransa cha haraka haraka, kama mtu anayeteremka ngazi.

Mama Odette, aliyeuza samaki wakavu wa kwao Kilwa, akaniinulia kidevu.

"Mado, ule bwana anasema nini?"

"Anaaga tu, Mama," nikasema. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Papa Stanis hakujaribu ufunguo tena. Aliirudisha kaseti nyuma. Akaisikiliza. Akairudisha tena, akaisikiliza ameinamisha kichwa, vile ninavyofikiri alikuwa akisikiliza reli zamani. Kisha akazima kila kitu akanigeukia.

"Umesikia?"

"Mi nasikia français nusu, Papa."

"Anasema bure inaishia ku siku makumi tatu. Kiisha, kila mwezi, banakata falanga ku akaunti ya muntu ju ya ile karatasi. Banakata mpaka akaunti inabakia mfupa. Kama hautaki, unaenda mwenyewe, unaandika, na unarudisha karatasi."

"Unarudisha karatasi?"

"Njo vile anasema. Hakuna karatasi, hakuna kukata."

Niliona ukuta wetu. Niliona kioo na muhuri nyuma yake. Akiba yote ya baba, ile iliyotembea ndani ya soksi, ilikuwa kule, na zilibaki siku chache tu. Na njia ya kuiokoa ilikuwa moja: kumvua baba yangu note yake.

Jioni nilimkuta amekaa chini ya kadri. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na moteur na Mama Odette, nikizunguka kama kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Donc karatasi inakula falanga," baba akasema.

"Kuanzia mwezi huu, Baba."

"Na nikirudisha, haitakula."

"Hapana."

Akaitazama. Akanyoosha kadri, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Mado. Nikirudisha karatasi, note inabakia?"

Hakuna aliyenifundisha mukia wa hilo.

"Siyue, Baba," nikasema.

"Bon," akasema. Akaomba maji ya kunawa, tukala. Hakuzungumza tena habari hiyo, na mimi sikujua kama atakwenda.

Kesho yake Papa Stanis hakuingiza kaseti. Aliiweka ndani ya sanduku la vyombo, kati ya bisibisi na plagi. Tulifika avenue ya kwanza, akazima moteur.

"Sema kichwa," akaniambia. "Kiisha sema mukia. Kwa Kiswahili."

"Sauti ileile?"

"Polepole ileile."

Nikasema. Sauti ilitetemeka avenue ya kwanza, ya pili ikakaa. "Note ni ya bure siku makumi tatu. Kiisha banakata kila mwezi. Kama hautaki, rudisha karatasi yako ku Maison, weye mwenyewe, mbele ya siku makumi tatu haziishe." Kila kona alizima moteur ile mbovu, na kila kona tulishuka kuisukuma ili iwake tena, na waliokuja kusukuma walikuwa walewale wenye karatasi. Avenue moja mzee alinirushia neno: "Sasa mulitudanganya ju ya nini?" Papa Stanis akatoa kichwa dirishani akamjibu, "Treni inachelewa, Baba. Tunakuambia sasa. Kimbia." Mzee akakimbia kweli, kofia mkononi.

Mchana Chef Trésor alitupata. Alitoka kwenye gari lake bila kiyoyozi chake na jasho likamshangaa.

"Mado! Weye ni mutoto ya publicité ama ya parquet, ya kutushitaki? Mukia haiuzishe!"

"Lakini ni mukia yenu, Chef. Mi naisema tu."

"Tulikubaliana français!"

"Français niko nayo nusu," nikasema. "Ile nusu ingine nimeisema kwa Kiswahili."

Papa Stanis alicheka mpaka akashika usukani. Ndiyo ikawa mwisho wetu na Maison. Soda hatukununuliwa tena. Niwape na nasaha hapa, maana mnaihitaji zaidi yangu: wakikuambia sehemu fulani ya tangazo itajisomea yenyewe, omba kwanza uisikie wakati moteur imezimwa.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini peke yangu kuona. Safu ilitoka mlango wa Maison, ikazunguka kona. Wote walikuwa wamevaa makoti yaleyale ya Krismasi, kila mmoja na karatasi yake, kimya, kama watu wanaorudisha sare za kwaya. Nilipita polepole nikitafuta tai ninayoijua. Kichwa cha safu hakuwemo. Katikati hakuwemo. Nilianza kulia kwa hasira, kwa ajili yake na dhidi yake. Kisha nikamwona, mwisho kabisa, kadri kwapani, anaongea na mwanamume wa Katuba aliyekuwa naye zamu moja.

"Yako ngapi?" yule mwanamume akauliza.

"Makumi munane na ine."

"Eh! Yangu pia."

Mwingine mbele yao akageuka. "Ya tanuru? Mi pia, makumi munane na ine."

Ikapanda safu yote. Makumi munane na ine. Makumi munane na ine. Kila aliyetoka tanuru lile alikuwa nayo. Baadaye binti wa guichet, dirisha la kuhudumia wateja, alinieleza: mashini ilitazama jina la kampuni tu, ikatoa namba ya kampuni. Note ilikuwa ya tanuru, na tanuru lilikuwa limezimwa.

Mmoja alikunja karatasi yake mara mbili. Nilimtazama baba, na nilitamani kuwa na sauti ya kuziba masikio yake.

Baba aliwatazama mmoja mmoja, wale wanaume wa moto, na makoti yao.

"Basi," akasema, "tumepita wote."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha yule wa Katuba akaanza, na safu nzima ikapokea, wakapigana mabega, na mlinzi wa Maison akatoka nje kuangalia kuna nini. Walirudisha karatasi zao wakiwa bado wanacheka. Guichetini binti alichukua kadri yote.

"Ile hapana," baba akasema. "Kadri ni yangu. Seremala hakunipatia bure."

Akamtolea karatasi kutoka nyuma ya kioo, taratibu, asiichane. Akiba yake aliipata. Miezi michache baadaye Maison nayo ilifunga, asubuhi moja, na viti vya bluu vikaonekana vinauzwa sokoni.

Kadri ilirudi ukutani ikiwa tupu. Mgeni akiuliza, "Baba Mado, hapa kuna nini?" baba alimjibu, "Makumi munane na ine," akaendelea na habari nyingine. Wengine waliinama wakachungulia kioo. Alipata kazi ya ulinzi wa depot, buti zikarudi barabarani.

Kazi yangu iliendelea miaka mingi baada ya hapo, lakini kila nikiikumbuka ninaona kombi ile tu. Shaba ikapanda tena, moshi ukarudi, kikohozi kikarudi. Nilitangaza kanisani, uwanjani, kwenye magari yenye bafle za kisasa zisizopiga kwii. Papa Stanis aliponipa megafoni yake ya kwanza alisema tu nisiibebe kifuani. Aliaga dunia wakati wa mvua, na wale wa gare waliobaki walikuja, na hakuna aliyeweza kutangaza maziko yake kama yeye angeyatangaza. Baba alimfuata. Kadri ni yangu sasa.

Ninawapenda nyinyi wa rond-point, na wivu ninao, nisiwadanganye. Ninatamani asubuhi moja tu ya zile: betri juani, Papa Stanis anatema maji ya chumvi dirishani, avenue ndefu mbele yetu na watu bado hawajatusikia.

Juzi mama alikwenda kwenye sala ya asubuhi. Nilibaki peke yangu. Niliitoa megafoni chini ya kitanda, nikaipangusa, nikatia betri nilizokuwa nimezianika. Nilisimama uani mbele ya dirisha ambalo kadri inaonekana ndani yake. Sauti niliiweka chini kabisa, vidole viwili kutoka mdomoni, nikabonyeza.

Kwiiiii.

Nikarudi nyuma kidogo. Daktari amekataza, ninajua. Nikasema, kwa sauti iliyobaki, polepole, kama wanavyosoma kwenye radio:

"Ngoy Célestin. Makumi munane na ine."

Kidole changu kilibaki kwenye kitufe, kwa mazoea, kikingoja mukia. Haukuwako. Nikazima.